Una Mtu Taveta?

Hoteli ya Mkamburi,
Karibu na Stesheni, Voi.
7 Oktoba 1976

Dada Mbeyu,

Barua hii naiandika nimesimama, kwa hiyo usinichekee mwandiko. Tangu nifungue mlango huu sijui tena kukaa. Nikikaa naona sufuria inafurika, nikisimama naona meza ina vumbi, nikitoka nje naona mlima wa Sagalla umekaa kitako unanitazama, kana kwamba unaniuliza: utaweza wewe?

Ndiyo, nimefungua. Ile mashine ya taipu pale Wundanyi nimewaachia wenyewe. Miaka yote ile nilikuwa napiga barua za watu wengine, "Mimi wako mtiifu," na mtiifu mwenyewe ni mimi niliyepiga chapa! Sasa ukifika Voi utaona ubao wa buluu juu ya mlango: HOTELI YA MKAMBURI. Jina langu mimi, si la baba, si la kaka, wala si la mume ambaye hayupo. Ndani, ukutani, nimeandikisha kwa rangi nyekundu: Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kaka Danson alikuja Jumamosi, akayasoma maneno hayo, akauliza kama ni yeye anayesemwa. Nikamwambia anywe chai, inapoa. Akanywa, kisha akasema kabla ya Krismasi nitakuwa nimerudi Mwanda kwa mama kupalilia viazi.

Napika chai, mandazi, maharagwe, na kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, kama cha nyumbani. Lakini abiria wa treni wanataka ndizi kwa nyama, na ndizi za kweli ziko kwenu Mboghoni. Naomba unipakilie mikungu kila wiki kwa treni ya Taveta, nami nitakulipa bei ya soko kama mtu mwingine yeyote. Najua baba zetu walichanjiana damu, na kwa hiyo wewe ni dada yangu kuliko dada. Lakini hoteli haikuchanjiwa na mtu.

Honi ya treni hiyo! Nakimbia.

Mdogo wako,
Mkamburi


Mboghoni, Taveta.
21 Oktoba 1976

Mdogo wangu Mkamburi,

Nimecheka mpaka Alice akaja mbio kuniuliza, mama, una nini? Nikamwambia, mama yako mdogo amenunua mlango na sasa hawezi kukaa. Hongera, mwanakwetu. Wewe tangu utoto ulikuwa hutaki kubebwa, hata ulipochomwa na mwiba ulichechemea mpaka nyumbani.

Ndizi zimepakiwa. Nimezifunga mwenyewe kwa kamba za mgomba, kwa lile fundo la marehemu mama, kwa hiyo usilikate kwa kisu. Vuta ncha ndefu litafunguka. Hakuna mwingine huku anayefunga hivyo. Na bei ya soko nitakutoza, usijali, sitakuonea haya.

Sasa sikiliza. Nilikaa Voi nikichuuza miaka mingi kabla sijaolewa huku kwenye mifereji, na hapo ulipo hapana mgeni kwangu. Nisalimie Maundu, karani wa vifurushi stesheni. Ndiye atakayekukabidhi ndizi. Mwambie majani ya kukandia goti aliyokuwa akiyatafuta nimeyaona huku. Nisalimie Gilbert, fundi wa cherehani, yule anayekaa barazani. Gauni alilonishonea bado nalivaa kanisani na watu bado wanauliza. Nisalimie Noah wa Marungu anayeleta mbuzi, umuulize mvua ya kwao ilikuwaje.

Na Syokau. Huyu umtafute hata kwa kupotea njia. Ni mama wa Kikamba, alikuwa anauza uji nyuma ya stesheni. Mimi nilishikwa na uchungu palepale stesheni nikingoja treni, sina mtu, na watu wanaruka miguu yangu wakiwahi mabehewa. Syokau aliacha uji wake uungue. Alivua kanga yake ya juu, akanifunika, na Alice akazaliwa chini ya kanga hiyo. Ninayo mpaka leo. Mwambie Alice anasoma vizuri, na kwamba kanga nitaileta mwenyewe, mkono kwa mkono.

Usiseme tu "Mbeyu anakusalimu" ukapita. Kaa kwanza na mtu. Kunywa uji wake.

Dada yako,
Mbeyu


Voi.
12 Desemba 1976

Dada Mbeyu,

Ndizi zinafika salama na zinaisha kabla hazijapoa. Salamu zako zimefika zote, usiwe na wasiwasi. Lakini nikwambie kweli? Barua yako ilikuwa na kurasa mbili, na ukurasa mzima ni majina ya watu. Mimi nikisoma barua yako nahisi nasikiliza tangazo la msiba. Hao wote unawalisha?

Biashara inakwenda. Watu wa Nairobi wanaoteremka kwenda pwani kwa sikukuu wameshaujua mlango wangu. Kinachonichosha ni wenyeji na maswali yao. Mama wa maziwa ndiye balaa kubwa. Maziwa yake mazuri, mazito, sina la kusema, lakini akishatua debe hataki kuondoka. Wewe ni wa ukoo gani? Mama yako yuko? Mwanda ndiko kule kwenye ukungu? Mimi huku chapati inaungua! Juzi alikuta mikungu imeteremshwa, akashika ile kamba, akaizungushazungusha mkononi, kisha akaniuliza, "Una mtu Taveta?"

Nikaona hapa sasa nitaombwa ndizi kila wiki. Nikamjibu, "Sina mtu. Nanunua tu." Akachukua debe lake akaenda zake. Cheka ukipenda, lakini biashara hulindwa hivyo. Mjini ukimzoea mtu leo, kesho anakula bure, keshokutwa anakuletea mpwa wake umwajiri.

Mama anasema Krismasi nipande Mwanda. Nitafunga hoteli nimwachie nani? Nimemtumia sukari na majani ya chai.

Mkamburi


Mboghoni.
20 Februari 1977

Mdogo wangu,

Umesikia redioni. Mpaka wetu na Tanzania umefungwa. Holili iko palepale, naona moshi wa majiko yao, na siwezi kwenda. Mzigo wangu wa maharagwe umebaki upande ule na mwenzangu wa kuuza naye amebaki upande ule. Jana nilikwenda mpaka kizuizini nikasimama tu. Askari akaniuliza, mama, unangoja nini? Nikageuka, nikarudi.

Nimekuwa kama wewe, sikai. Nazunguka nyumba. Maharagwe naweza kupanda mwenyewe, maji ninayo. Lakini watu siwezi kuwapanda! Yule mwenzangu wa Himo tulianza kwa salamu tu, nikimsalimia kila siku ya soko bila kununua kitu, msimu mzima, mpaka siku moja akaniambia, mama Alice, chukua gunia, utarudi. Sasa ndiyo basi.

Nitauza ndizi na mchele wangu upande huu, na Voi ndiyo mlango uliobaki. Ningekuja mwenyewe wiki hii kuwaona watu wangu, lakini zamu za maji ya mfereji zimekuwa ngumu. Ukikosa zamu yako, mwenzako anafungulia shambani kwake na mpunga wako unakauka ukiuona.

Ati huna mtu Taveta! Nililisoma hilo mara mbili. Haya, ni utani wako, nimeuacha.

Lakini Syokau je? Hujaniandikia neno lake hata moja. Alisemaje kuhusu Alice? Si mtu wa kunyamaza yule. Niandikie hata kama ni tusi.

Mbeyu


Voi.
17 Aprili 1977

Dada Mbeyu,

Pole sana kwa mambo ya mpaka. Huku nako abiria wa Moshi hawapo tena, treni ya Taveta inakuja nyepesi. Ila ndizi zako zikija, mimi nipo.

Syokau hajambo. Alifurahi sana kusikia habari za Alice, na anakusalimu.

Nina jambo linalonichemsha. Vibanda na hoteli zote za stesheni vinagawiwa upya, kwa leseni mpya. Kila mwenye mahali aende mbele ya kamati tarehe 27 Mei na watu wawili wenye biashara mjini, wasimame waseme wanamjua. Usipokuwa nao, mahali panapewa mwingine. Wewe fikiria! Nimejenga meko kwa mikono yangu, nimepaka ubao rangi, na bado eti mtu aseme ananijua. Maziwa na ndizi hazinijui?

Danson ameshasikia huko Wundanyi. Anataka leseni iandikwe jina lake, maana yeye kamati inamfahamu. Nimekataa kabla hajamaliza kusema. Nitapata watu. Mji mzima unakula kwangu, siwezi kukosa wawili.

Hata maziwa yamebadilika. Yule mama wa maswali haji tena. Siku hizi anakuja msichana mnyamavu, anatua debe, anapokea hela, anaondoka. Angalau nimepata amani.

Mkamburi


Wundanyi.
2 Mei 1977

Kwa Mkamburi,

Nakuandikia kama kaka na pia kama mtu anayejua jinsi ofisi inavyofanya kazi. Nimezungumza na mjumbe mmoja wa kamati. Ameniambia jina lako limesomwa mbele yao na hakuna aliyesema lolote, si zuri si baya. Mtu akitajwa mjini akakosa hata wa kumsema vibaya, hiyo ni dalili.

Nimesikia ulimwendea muuza duka jirani akakwambia, "Nakufahamu kwa sura." Ulimwendea Noah wa mbuzi akakuuliza wewe ni nani. Usinifiche, Voi si mbali.

Tuandike jina langu. Utapika wewe, utasimamia wewe, faida yako, ubao ubaki kama ulivyo. Jina ni kwenye karatasi tu. Mama naye anaona hivyo. Nitakuja tarehe 27 na koti langu na kalamu.

Ni mimi kaka yako,
Danson


Mboghoni.
6 Mei 1977

Mkamburi,

Maundu alikuwa huku. Ametumwa Taveta kuhesabu vifurushi vilivyokwama tangu mpaka ufungwe, na amekuja nyumbani kwangu akichechemea na goti lake. Nilimkimbilia na yale majani. Akaniambia, "Leo ndiyo unanikumbuka, Mbeyu? Ulipohamia kwenye maji ulitusahau."

Nikasema, si nilikutumia salamu kwa mdogo wangu wa hoteli? Akashangaa. Anasema yule dada anakuja dirishani, anatia sahihi, anachukua ndizi, hata jina hajawahi kumuuliza. Nikamuuliza kuhusu Gilbert, nikamuuliza kuhusu Noah. Hakuna aliyesikia neno.

Ningekusamehe hayo, na ningekutania juu yake. Lakini Maundu aliendelea. Akasema, "Hata msiba wa Syokau hukutuma pole. Tulikuangalia njiani tukasema labda treni."

Syokau alizikwa Machi, Mkamburi. Na wewe Aprili umeniandikia kwa mkono wako kwamba hajambo, kwamba amefurahi kusikia habari za Alice. Nilimsomea Alice maneno hayo. Mtoto aliruka.

Maundu anasema miguu ilipomshinda kukaa kwenye moto, aliacha uji akaanza kupeleka maziwa kwenye hoteli za stesheni. Alipougua akamwachia kazi binti yake.

Nakuuliza, nani anakuletea maziwa?

Mbeyu


Voi.
11 Mei 1977

Dada,

Barua yako iliponifikia niliikunja nikaitia chini ya bati la chapati. Nilikukasirikia. Nilijisemea, huyu anakaa kwenye ndizi zake ananihukumu. Nikawapikia watu, nikawapa chai.

Asubuhi nilimngoja yule msichana mlangoni. Nikamuuliza jina. Akanitazama kwanza. Akasema, "Mumbe." Nikamuuliza mama yake. Akasema, "Alikuwa Syokau."

Kila asubuhi alisimama hapa, Dada. Alinipimia na kuongeza kidogo juu, na mimi namwita Mama Maziwa. Aliponiuliza kama nina mtu Taveta, alikuwa anakuuliza wewe. Nami nikamwambia sina.

Sina la kujitetea, lakini nitasema hata hivyo, maana nisiposema nitapasuka. Wewe una mume na mfereji na fundo la mama yako. Mimi popote ninapokwenda, mtu akiniuliza ukoo, anamtafuta mwenye mimi. Akishajua ni mtoto wa fulani, dada ya Danson, basi kila ninachoshika kinakuwa cha fulani na cha Danson. Nilitaka mahali pamoja tu ambapo mimi si wa mtu. Salamu zako zote zilikuja na kamba. Niliona nikizipeleka, nitakuwa "yule wa Mbeyu."

Kwa hiyo sikuzipeleka, na nikakudanganya, kwa sababu kudanganya kulikuwa kwepesi kuliko kueleza. Danson anakuja na kalamu. Labda ndilo ninalostahili.

Mkamburi


Mboghoni.
16 Mei 1977

Mkamburi,

Nimelia, sasa maji yamefika shambani na sina nafasi ya kulia tena.

Sikusamehi leo. Labda mpunga ukivunwa. Lakini kalamu ya Danson usiiguse. Nilifurahi kuuona ubao ule hata kabla sijauona, na sitaki ushuke kwa sababu ya ujinga wako. Kuwa na watu si kuwa wa mtu. Mimi nilikuwa na watu Holili na Himo na Voi, na hakuna aliyewahi kuniambia bei ya kuuzia. Kidole kimoja hakivunji chawa, na bado kila kidole kina kucha yake.

Maundu anarudi Voi. Nimempa kanga. Mpe Mumbe. Nilisema nitaileta mkono kwa mkono, sasa mkono ni wako.

Kisha zipeleke salamu zote, za Oktoba mpaka leo. Salamu si maziwa, hazichachi. Ila siku hiyo usimwombe mtu ushahidi. Ukimpa mtu salamu zangu kwa mkono mmoja na kuomba kwa mwingine, utakuwa umeniuza na mimi.

Mbeyu


Voi.
29 Mei 1977

Dada Mbeyu,

Leo nimekaa. Nimevuta kiti nje, mlango uko wazi nyuma yangu, na nakuandikia kwa utulivu, kwa sababu nina mengi na nataka kuyapanga sawasawa.

Ulipoandika zipeleke, nilifunga hoteli mchana kweupe. Watu walidhani nimefiwa. Nilianza kwa Maundu kwa kuwa ndiye mwepesi. Aliniacha nimalize habari ya majani ya goti, ambayo anayo tayari mfukoni, halafu akasema, "Ahsante. Sasa niambie jina lako." Nikamwambia. Akasema analijua, analisoma kwenye ndizi kila wiki, ila alitaka kulisikia.

Gilbert wa cherehani alinichosha. Nilipomwambia gauni bado unalivaa, aliacha kukanyaga cherehani, akaniuliza ni lile la shingo ya mraba au lile la vifungo? Sikujua! Akasema, "Basi hujaleta salamu, umeleta nusu. Kaa." Nikakaa. Alinieleza shingo ile alivyoikata na ulivyomkasirisha. Nimecheka, Dada, nilikuwa sijacheka na mtu Voi tangu nifike. Kumbe anatoka Mgange, karibu kabisa na kwetu, na asubuhi huwa anapita mbele ya hoteli akisema "kwawuka", salamu yetu ya asubuhi, na mimi nadhani anasema na mwingine.

Noah wa Marungu alikataa. Alisikiliza, akasema, "Mvua ya Oktoba unaniuliza Mei? Mbuzi walikufa. Ungeuliza wakati ule ningekuwa na la kujibu." Akanipa mgongo. Sikumlaumu. Nilisema pole, nikaondoka.

Mumbe nilimwachia mwisho kwa kuwa nilimwogopa. Wanakaa nyuma ya stesheni, palepale uliposema. Nilimpa kanga mkononi. Nikamwambia ilivyofika kwako, na nani alizaliwa chini yake. Alikuwa anaijua hadithi, ila hakujua kama kanga bado ipo. Aliikunjua, akainusa, akaikunja tena. Mimi sikumwambia lolote la kamati, kama ulivyoagiza, ingawa ulimi ulikuwa unaniwasha.

Tarehe 27 ikafika. Watu tulijaa ndani na nje. Danson alikuwa mstari wa mbele na koti lake, joto lote lile. Jina langu likaitwa. Mwenyekiti akauliza, "Nani anamjua mama huyu?" Gilbert akasimama, sindano bado ziko kifuani mwake. Sikuwa nimemwomba. Akasema, "Namjua. Ni wa kwetu, ana haraka, na anapika vizuri."

Mwenyekiti akaandika. Akasema, "Wa pili?"

Nilimwona Noah kule nyuma akitazama kofia yake. Maundu naye alinyanyuka, lakini yeye ni mtu wa reli, si mfanyabiashara, wakamwambia akae. Mwenyekiti akauliza tena. Danson akafungua kalamu, akaniinamia sikioni, akasema taratibu kabisa, "Mkamburi, basi." Na ukweli nilikuwa nimeshachoka. Nilifumbua mdomo nikubali.

Sauti ikatoka mlangoni. "Mimi namjua."

Alikuwa Mumbe, amejifunga ile kanga, debe la maziwa liko mkononi. Mwenyekiti akamuuliza yeye ni nani na ana biashara gani. Akasema, "Ninauza maziwa. Mahali ni pa mama yangu, Syokau." Walimjua wote. Wakamuuliza ananijua vipi. Akasema, "Mama alinijulisha."

Basi. Mwenyekiti akagonga muhuri, leseni ikaandikwa Mkamburi, mwenye biashara, peke yake. Danson akafunga kalamu. Kisha huyo kaka yako, usiamini, akanipa mkono mbele ya watu akasema hongera, na jasho linamtoka kwenye koti.

Nilimkimbilia Mumbe njiani. Nikamuuliza, alikujulisha lini, na mimi sikuwahi hata kumwambia jina? Akaniambia hivi. Siku ile niliposema sina mtu Taveta, mama yake alirudi nyumbani akicheka. Akamwambia, "Mtoto yule ananidanganya. Ndizi zake zimefungwa kwa fundo la Mbeyu." Akasema, "Ni mtu wa Mbeyu, ana haraka tu. Usimkatie maziwa. Siku moja ataniletea salamu zangu." Alipolala hawezi kuinuka, kila Mumbe aliporudi kutoka kwangu alimuuliza, "Amesema kitu?"

Nilikaa chini hapo hapo barabarani, Dada. Mumbe alinisubiri. Halafu akaniambia, "Jumapili twende."

Leo ni Jumapili. Tumekwenda kaburini kwa Syokau baada ya kanisa. Nilichukua barua zako zote, hata ile niliyoificha chini ya bati, ina mafuta. Nikamsomea kila mahali alipotajwa, tangu kanga mpaka ile uliyoandika "Niandikie hata kama ni tusi." Mumbe alicheka hapo. Nilimwambia Alice anasoma. Nilimwambia nilichokuandikia Aprili kilikuwa uongo wangu, wewe hukuhusika.

Ubao wangu uko pale pale na maneno ya ukutani sijayafuta, kwa kuwa bado ni ya kweli na meko bado ni yangu. Gilbert anakusalimu, na anataka kujua ni gauni lipi. Maundu anakusalimu, anasema goti linakunjika. Noah alipita jana, akanywa chai, akalipa, akasema nikikuandikia nikwambie mbuzi waliobaki wamezaa. Danson na mama wanakusalimu. Wote hawa wananiuliza utakuja lini, nami nimewaambia zamu ya maji ikipungua. Na kama una mpunga wa kuuza Voi, milango mitatu imeshaniambia niulete kwao.

Kabla hatujaondoka pale makaburini, Mumbe alitangulia kidogo akaniacha. Niliinama, nikamjibu Syokau lile swali lake. Nikamwambia: Ndiyo, mama. Nina mtu Taveta. Anaitwa Mbeyu, na anakusalimu sana.

Mdogo wako,
Mkamburi